Hariri ya Jumatatu

Nilichomoa uzi mmoja kwenye upindo wa skafu, nikaubana kwa kibano cha nyusi, nikawasha kiberiti juu ya sinki. Skafu hiyo nilikuwa nimeitunza miaka minne, imekunjwa ndani ya karatasi nyororo, na katika miaka hiyo yote niliivaa mara tatu: harusi mbili na mahafali moja. Lebo yake ilikuwa imekatwa zamani. Aliyenizawadia alisema ni hariri, nami nikaamini, maana iling'aa na kuteleza, na sisi tunaozungumza Kiswahili kila kitu laini ni "kama hariri", kuanzia ngozi ya mtoto hadi sauti ya mwimbaji. Uzi ulipogusa moto ulijikunyata, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi. Lilipopoa nililibonyeza kwa ukucha. Gumu kama punje ya mchanga, na harufu yake ya plastiki.

Kumbe miaka minne nilikuwa nimeitunza chupa ya maji. Sifanyi mzaha. Poliesta ya nguo na plastiki ya chupa nyingi za maji ni polima ileile. Kinachotofautiana ni umbo.

Nilivyokuwa bado nimeshika kiberiti, nikakumbuka shati moja la mtumba nililokuwa nalalia. Shati la rangi ya udongo, limepauka mabegani, halijawahi kupewa heshima ya pasi. Nilikuwa nalifua pamoja na taulo za mkono. Nikachomoa uzi wake kutoka mshono wa ndani. Huu ulisinyaa, ukanuka nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe mara tu nilipouondoa motoni, na majivu yake yakasagika katikati ya vidole kama unga.

Basi ndiyo hivyo. Niliyoifungia kabatini ilikuwa plastiki, na nililolalia ndilo lililokuwa hariri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria hariri kwa namna nyingine kabisa, na makala haya yametokana na kiberiti hicho.

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko wangu haukuwa wa bahati mbaya. Hariri ni nyuzi. Sateni, au atlasi kama wazee walivyoiita, ni namna ya kufuma: uzi mmoja unapita juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, hivyo uso wa kitambaa unabaki mtelezo na unaakisi mwanga. Unaweza kufuma sateni ya hariri, ya pamba au ya poliesta. Muuzaji akikwambia "sateni" amekueleza jinsi kilivyofumwa, hajakwambia kimetokana na nini. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoitwa hariri katika matangazo ni sateni ya poliesta, na wengi wanaoviuza hawana nia mbaya. Na wao waliambiwa hivyo.

Jaribio la moto halitaki utaalamu. Nyuzi mbili tatu, kibano, sinki yenye maji. Kama uzi unawaka kwa haraka, unanuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu, ni pamba, kitani au viskosi, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa selulosi ya mimea. Udanganyifu wenyewe si wa leo: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, Mfaransa Hilaire de Chardonnet aliwaonyesha watu hariri ya bandia iliyotokana na selulosi ya mimea. Iling'aa kweli, ila ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilishika moto upesi mno.

Sasa hii ya kweli inatoka wapi? Kiwavi wa hariri, Bombyx mori, si mdudu wa porini tena. Amefugwa maelfu ya miaka, kuanzia Uchina, hata nondo wake ana mabawa asiyoweza kurukia. Akianguliwa ni mdogo kama sisimizi. Anakula majani ya mforosadi karibu mwezi mzima, usiku na mchana, anajivua ngozi mara nne, na uzito wake unapanda takriban mara 10,000. Wanaowafuga husema viwavi wakitafuna kwa pamoja husikika kama mvua inayodondokea majani. Kisha siku moja anaacha kula, anainua kichwa na kuanza kukizungusha akichora tarakimu ya nane, tena na tena, kwa siku mbili au tatu. Tezi zake mbili zinatoa nyuzi mbili za protini iitwayo fibroini, na nyuzi hizo zinaunganishwa na gundi iitwayo serisini. Anapomaliza yumo ndani ya kifukofuko kilichojengwa kwa uzi mmoja usiokatika, ambao unaweza kufika kilomita nzima au zaidi.

Hilo la uzi mmoja ndilo linaloeleza karibu kila kitu kuhusu kitambaa hiki. Pamba na sufu ni nyuzi fupi zinazosokotwa zishikane, ndiyo maana baada ya muda zinatoa vinyweleo. Hariri ya kuvuta, yaani ile ambayo uzi wake umefunguliwa mzimamzima kutoka kwenye kifukofuko, haina ncha za kuchomoza. Tena uzi wake ukiukata na kuutazama kwa hadubini, umbo lake linakaribia pembetatu, si duara, hivyo mwanga unavunjika ndani yake kama ndani ya kipande cha kioo. Mng'ao wa hariri umo ndani ya uzi, haukupakwa juu. Poliesta inang'aa kwa namna iliyo sawasawa kila upande. Hariri inabadilika ukigeuza mkono. Nikishaijua tofauti hiyo kwa macho, kiberiti sikihitaji sana.

Lakini uzi mmoja usiokatika una gharama, na sitaki kuipita kimya kimya. Ndani ya kifukofuko kiwavi anageuka bundo, na bundo akiachwa atakuwa nondo, atatema majimaji yanayolainisha ukuta na kujitobolea njia. Ule uzi wa kilomita moja unakuwa vipande vifupi vifupi. Kwa hiyo mfugaji hamsubiri. Vifukofuko vinapitishwa kwenye mvuke au hewa ya moto, bundo anakufa, kisha vinalowekwa kwenye maji moto ili gundi ilegee na ncha ya uzi ipatikane. Kilo moja ya hariri inataka maelfu ya vifukofuko. Shati langu la kulalia ni mamia kadhaa ya viumbe.

Kuna hariri inayouzwa kwa jina la hariri ya amani, ambapo nondo anaachwa atoke kwanza, halafu vifukofuko vilivyotobolewa vinasokotwa kama pamba. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona jibu limepatikana. Kisha nikapiga hesabu. Nondo jike mmoja anataga mayai 300 hadi 500. Wakiachwa wote watoke na kutaga, kizazi kinachofuata hakina majani ya kukitosha hata kidogo, na nondo hawa hawawezi kujitegemea porini. Ama mayai yanatupwa, ama viwavi wanakufa njaa. Kifo hakikuondolewa, kimesogezwa mbele tu, mahali ambapo mnunuzi hatakiona. Siwadharau wanaoichagua. Mimi imenishinda kuilipia kwa sababu hiyo.

Karibu zaidi na ninachokitaka ni hariri ya eri, ya Assam kule India. Kiwavi wake, Samia ricini, anakula majani ya mbarika, na kifukofuko chake tangu awali kina mdomo upande mmoja, kwa hiyo nondo anaweza kutoka bila kutoboa kitu. Kwamba mfugaji husubiri kila mara ni habari nyingine. Uzi wake ni wa kusokotwa, haung'ai sana, una joto, unakaribia sufu. Nilipoigusa niliwaza: hii ndiyo hariri ya mtu asiyependa hariri. Niliisema hiyo kama sifa.

Mtu asiyemvaa mdudu kabisa kwa imani yake, sina hoja ya kumpa. Ninachoweza kusema kwa upande wangu ni kwamba mauaji yale yakishafanyika, nguo kukaa kabatini miaka minne ni dharau juu ya dharau.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika kuhusu mazingira, maana neno "asilia" limechoka kwa kubebeshwa mizigo isiyo yake. Hariri ni asilia, ndiyo. Mforosadi ni mti, unakatwa matawi na kuchipua tena kwa miaka mingi bila kulimwa upya kila msimu. Viwavi hawavumilii dawa za wadudu, hivyo mkulima anayepulizia ovyo anajimalizia mwenyewe. Hii ni nidhamu ambayo mkulima wa pamba halazimishwi nayo. Uzi wenyewe ni protini, na ukizikwa utaoza, wakati vumbi la poliesta linalotoka kila unapofua linakwenda na maji na kubaki huko. Hata bundo hatupwi: hukamuliwa mafuta au huwa chakula cha samaki wa kufugwa. Hayo yote ni kweli.

Ila majani yanayoliwa ni mengi mno, na miti inayokatwa mfululizo inataka mbolea. Vyumba vya viwavi vinataka joto na unyevu vya kudhibitiwa. Maji lazima yachemshwe kwa kuvuta uzi na yachemshwe tena kwa kuondoa gundi. Ukipima kwa kilo, hariri inatoka vibaya. Kipimo kimoja kilichotumiwa sana na kampuni za mavazi, Higg, kiliiweka chini kabisa, chini hata ya poliesta, hadi mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilipoonya kwamba data zake hazitoshi kutumiwa kumtangazia mnunuzi kwamba nguo fulani ni rafiki wa mazingira. Mashabiki wa hariri walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia, kwa sababu hata kipimo kikiwa kibovu, moto uliochemsha yale maji ulikuwa moto wa kweli.

Kinachonishawishi ni kizio kingine. Hakuna anayevaa kilo. Watu tunavaa siku. Uzito wa kitambaa cha hariri hupimwa kwa mome, kipimo chenye asili ya Japani, na mome moja ni kama gramu 4.3 kwa mita ya mraba. Shati zuri ni la mome 16 hadi 19, kwa hiyo shati zima linaweza lisifike gramu 200, wakati suruali ya jinzi hupita nusu kilo bila shida. Ukilivaa shati hilo mara tatu katika miaka minne, kila uvaaji umeubeba mzigo mkubwa ajabu. Ukilivaa kila wiki kwa miaka minne, ni mara mia mbili na zaidi. Kitambaa ni kilekile, kiwavi ni yuleyule. Kilichobadilika ni mwenye kabati.

Mara nyingi tunaambiwa hariri ni dhaifu, haifai kila siku, na nadhani sifa hiyo mbaya ilitokana na wafanyabiashara kuliko kiwavi. Gundi ya serisini ni karibu robo ya uzito wa hariri mbichi. Ikichemshwa ikatoka, robo ya mali imekwenda na maji, na zamani hariri iliuzwa kwa uzito. Watia rangi wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19 walipata dawa: kuichovya hariri kwenye chumvi za madini, hasa za bati, hadi uzito urudi, na mara nyingine uzidi ule wa mwanzo. Kitambaa kilitoka kizito, chenye mlio mzuri wa kukwaruza mtu akitembea. Leo magauni hayo, mengine yakiwa hayajavaliwa ila mara chache, yanapasuka yenyewe kwenye sanduku za makumbusho, mpasuko juu ya mpasuko, na hakuna anayejua kuyazuia. Madini yanaukata uzi kutoka ndani.

Linganisha na kanzu ya shashi iliyofukuliwa mwaka 1972 kwenye kaburi la Mawangdui karibu na mji wa Changsha, Uchina. Ni ya karne ya pili kabla ya Kristo. Ina urefu wa sentimita 128, mikono mirefu, na uzito wake ni gramu 49. Miaka elfu mbili na ushei, nyepesi kuliko yai la kuku, na bado inaitwa nguo. Kweli, haikufuliwa kila Jumamosi. Lakini wepesi haukuiua. Huwa naikumbuka kila mtu anapoliminya shati langu kwa vidole viwili na kusema, "Hili si litachanika?"

Kuchanika lilishachanika. Si hilo, lingine. Baada ya siku ya kiberiti nilinunua shati langu la kwanza la hariri nikijua ninachonunua, rangi ya maziwa, nikaamua kulitunza kwa bidii. Bidii ndiyo iliyoniponza. Nilitafuta sabuni ya unga iliyosifiwa kuliko zote kwa kuondoa madoa, nikaloweka usiku kucha, nikaanika juani ili liue vijidudu. Baada ya miezi michache kitambaa kilipoteza uhai, kikawa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Siku moja nilinyoosha mkono kuchukua kitabu rafuni na bega likaachia lote.

Nilikuja kuelewa baadaye nilipoisoma pakiti kwa utulivu. Sabuni hiyo ilikuwa na vimeng'enya vya kuyeyusha protini, ndiyo silaha yake dhidi ya madoa ya damu na mayai. Nami nilikuwa naifulia protini tupu. Usiku kucha, kila wiki, nililoweka shati langu kwenye dawa iliyotengenezwa kulila. Jua likamalizia, kwa sababu mionzi yake inaipausha hariri kuwa njano na kuidhoofisha. Lile shati la mtumba lilisalimika kwa uvivu wangu tu: lilifuliwa haraka kwa kipande cha sabuni isiyo na makali na kuanikwa ndani, kwenye mlango wa bafu.

Njia ninayofuata sasa ni ile ya uvivu, nimeipa nidhamu kidogo. Maji ya baridi au vuguvugu, na shampuu ya nywele, maana nywele nazo ni protini na shampuu haikutengenezwa kuzila. Dakika tatu au nne. Siisugui wala kuikamua kwa kuisokota, kwa sababu hariri ikilowa inapungua nguvu. Suuza ya mwisho naitia siki kijiko kimoja. Inaondoa mabaki ya sabuni na kurudisha mng'ao. Naikunja ndani ya taulo, naibonyeza, naitundika kivulini. Pasi ya moto mdogo, upande wa ndani, kabla haijakauka sawasawa. Dawa za kufanya nguo kuwa nyeupe zenye klorini ni mwiko. Ukiitia hariri humo usishangae ukirudi na kukuta imeanza kuyeyuka. Manukato na dawa ya kwapa napaka mapema, zikauke kabla sijavaa. Basi. Kazi yote ni fupi kuliko muda wa kumsubiri dobi.

Lakini lebo inasema isifuliwe kwa maji! Lebo nyingi zinasema hivyo ili kiwanda kisilaumiwe. Ziko nguo zinazostahili onyo hilo: zenye bitana, zenye rangi kali inayochuja, zile za kufumwa kwa mikunjo ya makusudi. Shati la kawaida la rangi moja, jaribu kona ya ndani kwa tone la maji. Kufua kwa dawa bila maji si jambo dogo. Dawa iliyotawala kazi hiyo kwa miongo mingi, perkloroethilini, inahesabiwa kuwa yumkini inasababisha saratani kwa binadamu, na Desemba 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye kazi za madobi ndani ya miaka 10. Nguo unayoiita asilia kisha unaifua kwa hiyo kila mwezi imekwisha kupoteza jina lake.

Nina vitu vitano tu vya hariri. Mashati mawili, fulana ya ndani ya siku za baridi, foronya, na skafu, safari hii ya kweli. Fulana ndiyo inayoniridhisha kuliko vyote: nyembamba hata huioni chini ya nguo nyingine, inashika joto, na ikinyonya jasho bado haikupi ule ubaridi wa pamba iliyolowa. Hariri inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa. Foronya niliinunua kwa sababu ya nywele, na kwa nywele imesaidia, kwani msuguano umepungua. Yale ya kuondoa makunyanzi usoni siyaamini, na uso wangu ni shahidi.

Sinunui cha sita. Hariri ni chini ya asilimia 0.2 ya nyuzi zote za nguo duniani, na sioni dalili wala sababu ya kila mtu kuwa na kabati lililojaa. Uzuri wake kwangu ni kwamba inakubali kuwa chache. Shati la kazini likirudi jioni nalitundika dirishani penye kivuli, asubuhi limenyooka na harufu imeondoka, linasubiri siku yake nyingine.

Lile la mtumba halilaliwi tena. Nilianza kulivaa kazini siku za Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ninayohitaji kitu cha kunifariji. Mwezi uliopita ukingo wa kola ulianza kutoa nyuzi, nikalipeleka kwa fundi nikiwa nimeshakata tamaa. Alilifunua chini ya taa, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, akaligeuza.

"Imeisha upande huu tu," akasema. "Huku ndani bado mpya kabisa. Niifumue, niigeuze?"

Nikamwambia aigeuze, ila alimalize kabla ya Jumatatu.